Aliandika Michezo Zaidi ya 200, Lakini Jina Lake Nani Analikumbuka?

Huyu jamaa aliandika michezo ya jukwaani zaidi ya 200. Kazi zake zikageuzwa filamu tangu enzi za sinema zisizo na sauti mpaka filamu za rangi. Akachukua tuzo kubwa kuliko zote za tamthilia nchini Marekani. Mchezo wake mmoja uliobuma vibaya ukampa staa wa kike tuzo ya Oscar. Ukitaja jina lake leo, hata mbele ya watu wanaojua filamu za zamani, tisa kati ya kumi watakukodolea macho.

Kuna sababu. Kwa miaka mingi ya ujana wake, kuficha jina ndiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Mfuatilie taratibu, vidokezo vimejaa humu ndani.

Alizaliwa Januari 1874 mjini Portland, jimbo la Maine, kule kaskazini-mashariki mwa Marekani ambako baridi si mchezo. Akapita Chuo Kikuu cha Tennessee, kisha Harvard, akatoka bila digrii. Ndoto yake ilikuwa kuandika tanzia nzito kwa mashairi, zile za lugha ya juu ambazo wasomi wanazipigia makofi. Akaenda New York na mswada wake. Hakuna aliyeutaka.

Wengine wangerudi kwao. Yeye akafanya kitu ambacho wenzake wa Harvard wangeona aibu: akaanza kwenda kwenye kumbi za walalahoi, akawachunguza watazamaji kama mfanyabiashara anavyochunguza soko. Wanacheka wapi? Wanalia wapi? Nini kinawafanya wasimame kwenye viti?

Kumbi hizo zilijulikana kama kumi-ishirini-thelathini. Kiingilio kilikuwa senti 10, 20 au 30, kutegemea unakaa wapi. Wakati huo kiti kizuri Broadway kilifika dola 2, hela ambayo mfanyakazi wa kiwandani hakuwa nayo ya kuchezea. Kwa hiyo kwenye kumi-ishirini-thelathini walijaa wabeba mizigo, wasichana wa cherehani, na wahamiaji walioshuka melini kutoka Ulaya juzi tu. Wengi wao Kiingereza kilikuwa hakijapanda.

Hapo ndipo akapata siri yake. Kama mtazamaji hasikii lugha, usimwandikie masikio, mwandikie macho. Adui aonekane ni adui tangu anapoingia. Msichana mwema aonekane mwema. Hatari iwe kitu cha kuonekana: treni inakuja, lifti inashuka, daraja linakatika, nyumba inawaka. Maneno yawe machache na ya wazi. Hata babu aliyefika jana kutoka Poland aelewe nani anamdhulumu nani.

Baadaye, mwaka 1914, alieleza fomula yake kwenye jarida bila kuficha, tena kwa utani. Jina la mchezo kwanza, maana jina zuri ni angalau nusu ya mafanikio yote. Tendo la kwanza, balaa linaanza. La pili, mambo yanazidi kuwa mabaya, msichana yuko mikononi mwa adui. La tatu, anaokolewa, na hapo wa kushukuriwa ni fundi seremala wa jukwaa. La nne, wapendanao wanaungana na wabaya wanapata malipo yao. Kwisha. Fomula hiyo ukiitazama vizuri, nusu ya muvi zinazotazamwa leo ziko ndani yake.

Mwaka 1899 mchezo wake Through the Breakers ukashika, na kuanzia hapo hakushikika. Kilichompaisha zaidi ni kukutana na mtayarishaji mmoja mjanja, mzaliwa wa Hungary aliyekulia mitaa ya maskini ya New York. Huyu mtayarishaji alijua kuuza. Aliamini kwamba bango likiwa kali ukutani, watu watakuja. Walipoungana wawili hawa, ikawa kiwanda.

Mwaka 1906 walitoa Nellie, the Beautiful Cloak Model, habari za msichana mrembo anayevaa makoti dukani ili wateja wayaone. Mwaka huohuo ikatoka Chinatown Charlie. Tazama hayo majina. Yule binti aliyekaa kwenye kiti cha senti 10 alikuwa ametoka kwenye cherehani saa mbili zilizopita. Sasa anamwona steringi wa kike, mfanyakazi kama yeye, anaandamwa na tajiri mbaya, na mwisho anashinda. Broadway ya wakati ule haikuwa na mchezo kama huo kwa ajili yake. Waandishi wa magazeti walicheka michezo hii. Binti hakucheka, alilia, na wiki iliyofuata akarudi.

Shida ikawa wingi. Kumbi hizi zilikuwa kwenye mzunguko wa miji mingi na kila wiki zilitaka mchezo mpya. Jamaa aliandika haraka kiasi kwamba jina lake lingetokea kila mahali kwa mpigo, na hakuna mtazamaji anayependa kuambiwa kwamba machozi yake yametoka kiwandani. Dawa ikawa majina ya bandia. Leo ni John Oliver. Wiki ijayo ni Robert Wayne. Mara Walter Lawrence, mara Martin Hurly, mara Arthur J. Lamb. Wote ni yeye. Mtu mmoja, kalamu moja, majina kama timu ya mpira.

Hela iliingia. Lakini hebu fikiria mtu aliyetaka kuwa mshairi, anapita barabarani anaona bango la mchezo wake, na juu yake kuna jina la mtu ambaye hayupo.

Halafu ikaja sinema. Mwaka 1905 kule Pittsburgh kulifunguliwa ukumbi mdogo wa picha kwa kiingilio cha senti 5, na muda si mrefu vikumbi vya aina hiyo vikaota nchi nzima kama uyoga. Senti 5 dhidi ya senti 10, na kwenye picha treni ni treni ya kweli, si ya mbao. Tena filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Yaani ile siri yake ya kuandikia macho, wenzake wa sinema waliichukua nzima nzima. Kufikia mwaka 1910 hivi, kumi-ishirini-thelathini ilikuwa inakata roho.

Wengi waliokula pale walipotea nayo. Yeye akaamua kupanda Broadway, kwa wale wa dola 2, na safari hii kwa jina lake la kuzaliwa. Haikuwa rahisi. Mlango ule ulimjua kama mzalishaji wa takataka. Mwaka 1915 akapenya na Sinners, mwaka 1918 akatamba na Forever After. Mwaka 1921 akatoa The Detour, mchezo wa watu wa shamba usio na treni wala daraja, na watu wakaanza kumtazama kwa jicho lingine.

Pigo lenyewe likaja Februari 1923. Mchezo unaitwa Icebound, na safari hii alirudi kwao, Maine. Familia imekusanyika kwenye nyumba ya baridi, mama yuko chumbani anakufa, na watoto wanasubiri urithi huku wanaoneana gere. Mama anapofariki, wosia unafunguliwa: kila kitu kimeachwa kwa binti ambaye si mtoto wake, aliyekuwa akimhudumia. Hakuna adui mwenye masharubu. Adui ni tamaa, na imekaa ndani ya kila mmoja. Icebound ikachukua Pulitzer ya tamthilia mwaka huo. Yule aliyemwandikia msichana wa cherehani sasa alikuwa meza moja na wakubwa. Mwaka uliofuata ikawa filamu.

Hapa ndipo hadithi inapopinda. Mwaka huohuo wa Pulitzer alitoa kichekesho kiitwacho The Nervous Wreck, kutokana na hadithi ya mwandishi mwingine. Ni habari ya kijana anayejiona mgonjwa kila saa, anatimkia magharibi kutafuta afya, huko anaangukia kwenye vurugu. Kitu chepesi tu. Lakini mwaka 1926 kikawa filamu bila sauti, steringi akiwa Harrison Ford, na si huyu wa Indiana Jones, ni mwingine wa zamani. Mwaka 1928 kikageuzwa onyesho la muziki, Whoopee!, akitamba Eddie Cantor. Mwaka 1930 onyesho hilo likawa filamu ya rangi. Mwaka 1944 hadithi ikachukuliwa tena, ikawa Up in Arms ya Danny Kaye. Mchezo wa heshima ulipata tuzo, na mchezo wa kuchekesha ukapata miaka ishirini ya maisha.

Katikati ya hayo alifanya kazi ambayo wengi hawaijui. Riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, ilitoka 1925 na mauzo yake hayakuwa ya kutisha. Februari 1926 ilipanda jukwaani Broadway, na aliyeigeuza kuwa mchezo ni jamaa yetu. Mwelekezi alikuwa George Cukor, kijana ambaye baadaye angekuwa mkubwa Hollywood. Ilichezwa mara 112, na mwaka huohuo ikawa filamu. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Gatsby, na imepotea. Kilichobaki ni tangazo lake la dakika moja hivi.

Sinema zilipoanza kusema, Hollywood ilitafuta kwa pupa watu wanaojua kuandika mazungumzo. Fox wakamchukua. Mwaka 1929 akashiriki kuandika They Had to See Paris, filamu ya kwanza ya sauti ya Will Rogers, na mwaka 1930 So This Is London. Kwenye ile ya kwanza, mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja wa waigizaji. Mwaka uliofuata kijana huyo alionekana pia kwenye All Quiet on the Western Front.

Lakini hakukaa. Ili kuelewa kwa nini mwandishi wa jukwaani aliona Hollywood ni ngumu, lazima ujue mikataba. Kwenye jukwaa, chama cha waandishi wa tamthilia, ambacho yeye mwenyewe aliwahi kuwa rais wake, kilipata mwaka 1926 makubaliano na watayarishaji: mchezo ni mali ya mwandishi, na hakuna kubadilisha maneno bila ruhusa yake. Hollywood ilikuwa kinyume. Unaandika, studio inamiliki, kesho anapewa mwingine abadilishe, keshokutwa mwingine tena. Kwa mtu aliyetumia miaka akificha jina lake, kisha miaka mingine akilidai, kurudi kwenye kiwanda kingine lazima kulikuwa na uchungu wake. Akarudi New York.

Desemba 1933 akatoa Jezebel, mchezo wa binti mkaidi wa kusini mwa Marekani. Ulibuma. Ulichezwa mara 32 tu ukafungwa. Warner wakanunua haki zake, na mwaka 1938 William Wyler akauelekeza kama filamu. Steringi wa kike, mwanamke mwenye macho makubwa yasiyosahaulika, akachukua Oscar. Kidokezo cha bure: staa huyo na mwandishi wetu wana jina moja la ukoo, na si ndugu kabisa. Watu wakalikumbuka jina hilo milele, ila kwa ajili yake yeye.

Aliendelea kuandika. Mwaka 1936, akiwa na mtoto wake mwingine, aliigeuza riwaya ya Edith Wharton, Ethan Frome, kuwa mchezo uliosifiwa. Mwaka 1949 yule mtoto mwigizaji alikufa maji. Mwaka uliofuata mzee akatoa kitabu cha kumbukumbu za miaka 50 kwenye tamthilia. Akafariki New York Oktoba 1956, akiwa na miaka 82.

Hesabu ya maisha yake ni ya ajabu. Wasomi wanamkumbuka, kama wanamkumbuka, kwa Icebound. Lakini Nellie, yule msichana aliyewaandikia watu wa senti 10, naye alifikia kuwa filamu miaka ya 1920, takriban miaka ishirini baada ya wakosoaji kumcheka. Na yale aliyojifunza kwenye kumbi za walalahoi, yaani mtazamaji aelewe kwa macho hata kama lugha hajui, ndiyo yaliyojenga sinema yenyewe.

Kwa hiyo ni nani? Fungua orodha ya washindi wa Pulitzer, kipengele cha tamthilia, teremka mpaka 1923. Jina lipo pale, la kwake mwenyewe, si John Oliver wala Robert Wayne. Lisome kwa sauti hata mara moja. Alilihangaikia.