Leseni ya Mtawala na Hukumu ya Sharia: Historia ya Bangi na Funzo Lake kwa Watu wa Pemba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Baada ya darsa moja mjini Wete, kijana mmoja alitusubiri mpaka watu walipotawanyika. Alitueleza kuwa amesikia zipo nchi za Afrika zinazowapa wakulima leseni ya kulima bangi kwa ajili ya dawa, na kwamba wapo watu wanaowashauri vijana waunde kikundi, ili sheria ya kwetu ikibadilika siku moja wawe wa mwanzo kuomba. Shamba analo, la urithi, na mikarafuu yake imezeeka. Swali lake lilikuwa fupi: Serikali ikitoa leseni, pesa yake itakuwa halali? Ataweza kuitolea zaka na kuhijia?

Tulimjibu tukiwa tumesimama mlangoni: bangi ni haramu, na leseni haihalalishi haramu. Akashukuru, akaenda zake. Usiku ule jibu letu halikututulia moyoni. Sehemu yake ya pili ni sahihi, wala hatuirudi. Lakini sehemu ya kwanza tuliisema kwa haraka kuliko walivyoisema maimamu wetu, ambao walishughulishwa na mmea huu tangu karne ya saba Hijria, na walioishi katika zama ambazo watawala nao walikuwa wakitoa ruhusa na kuchukua kodi yake. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa.

Mmea huu ulivyoingia katika vitabu vya fiqhi

Maimamu wanne wa madhehebu hawakuizungumza hashishi, kwani katika zama zao haikuwa imeenea miongoni mwa Waislamu kama kileo. Wanahistoria wameinasibisha kuenea kwake na Sheikh Haydar wa Khurasan, aliyefariki mwaka 618 Hijria (1221 Miladia), na Ibn Taymiyya ameinasibisha na kutoka kwa Matatari. Vyovyote iwavyo, ilipofika Sham na Misri wanavyuoni walikabiliwa na mas-ala mapya: kitu kinacholiwa wala hakinywewi, kinachobadilisha akili, na ambacho hakikutajwa kwa jina katika Kitabu wala Sunna.

Kwenye pwani yetu jina la bangi lina nasaba na lugha za Bara Hindi na Uajemi. Mreno João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1609, ametaja mmea huu kwa jina la namna hiyo hiyo alipoeleza desturi za watu wa kusini-mashariki mwa Afrika. Kwa hivyo si mgeni wa jana.

Dhamana ya hashishi na amri ya Baybars

Wengi wetu tunadhani kwamba leseni ya bangi ni bidaa ya zama hizi. Sivyo. Katika Misri ya Mamaluki kulikuwa na kodi iliyoitwa dhamanul-hashisha. Dhamana ni mkataba: mtu humlipa mtawala kiasi maalumu cha fedha, naye hupewa haki ya kukusanya ushuru wa bidaa fulani na kubaki na kinachozidi. Wazee wetu waliijua namna hii ya biashara, kwani zama za Sayyid Said forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji kwa utaratibu unaokaribiana na huo.

Maana yake ni kwamba hashishi iliuzwa Kairo na hazina ya dola ikala fungu lake. Mwaka 665 Hijria (1266-1267 Miladia) Sultani al-Malik al-Zahir Baybars aliifuta dhamana hiyo na akaamuru wanaoitumia watiwe adabu. Hakuupiga vita mmea peke yake, bali alianza kwa kuikata mikono ya dola yenyewe isipokee fedha zake. Mtawala anayekula ushuru wa kitu hawezi kukikataza kwa ulimi ulio mwepesi.

Hata hivyo amri ya siku moja haikutosha. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo aliyefariki mwaka 845 Hijria, ameeleza kuwa karibu na mwaka 780 Amiri Sudun al-Shaykhuni aliwaandama wauzaji na walaji wa hashishi, hata akawang'oa meno baadhi yao. Pamoja na ukali huo, anasema, kufikia mwaka 815 ililiwa hadharani na watu wakaizungumza bila ya haya. Basi adhabu ilikuwepo, na marufuku yalikuwepo, lakini soko halikufa. Wenye kudhani kwamba fimbo peke yake inatosha, na wenye kudhani kwamba kodi peke yake inatosha, wote wana la kujifunza katika Kairo ile.

Walivyohukumu wanavyuoni

Katika zama za Baybars aliishi Damascus Imamu wetu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, mwenye Minhaj tunayoisomesha katika vyuo vyetu. Ni yeye aliyemwandikia Baybars na kumkabili kuhusu mali za raia na mabustani ya watu wa Damascus, bila ya kumwogopa. Kwake yeye, tamko la mtawala halikuwa mizani ya halali na haramu.

Msimamo wa madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba kila chenye kuondoa akili miongoni mwa mimea ni haramu kukitumia kwa ajili ya kulewa, isipokuwa hakina hadi ya ulevi kama ilivyo pombe, bali kina taaziri. Na mmea wenyewe ni tohara, si najisi. Kisha wakafungua mlango wa dawa. An-Nawawi ameizungumza mas-ala ya mtu ambaye kiungo chake kinaoza na lazima kikatwe: je, anaweza kupewa kitu cha kumwondolea fahamu? Kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu. Huu ndio mlango tuliousahau pale mlangoni Wete.

Kwa upande wa Malik, al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 684 Hijria, katika kitabu chake al-Furuq amepambanua baina ya chenye kulevya, chenye kulaza na chenye kuharibu akili. Hashishi ameiweka katika fungu la tatu, na akajenga juu yake hukumu ya taaziri bila ya hadi, na ya kutokuwa najisi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728, alikwenda njia kali zaidi: kwake ni kileo kama vileo vingine na hadi inamthibitikia mwenye kuila. Baadaye az-Zarkashi, Mshafii wa Misri aliyefariki mwaka 794, akaandika risala nzima juu ya uharamu wake.

Hawa walihitilafiana katika hadi, katika najisi na katika sababu ya hukumu. Hawakuhitilafiana kwamba kuitumia kwa kulewa ni haramu. Dalili yao mojawapo ni Hadithi ya Ummu Salama (R.A.) aliyoipokea Abu Dawud, inayokataza kila chenye kulevya na chenye kulegeza mwili. Kwa hivyo anayesema leo kuwa wanavyuoni walikhitalifu, ili apate uchochoro wa kuvuta, amewasingizia.

Leseni katika zama za wakoloni na baada yake

Waingereza walipotawala Bara Hindi walifuata njia ya kodi. Mwaka 1893 waliunda tume ya kuchunguza bangi, na ripoti yake ya mwaka 1894 ikapendekeza udhibiti wa leseni na ushuru badala ya marufuku. Mfano ulio karibu nasi kwa dini ni wilaya ya Naogaon, katika Bengal ya Mashariki ambayo leo ni Bangladesh, yenye Waislamu wengi. Huko mkulima alilima kwa leseni, eneo la shamba lilipimwa, na mavuno yote yakaingizwa katika maghala yaliyosimamiwa na serikali. Mwaka 1917 wakulima waliunda ushirika wao, na faida yake ikajenga skuli na zahanati. Kilimo kile kilifungwa mwaka 1987.

Tuutazame mfano huu kwa uadilifu. Utaratibu ulikuwa madhubuti, mkulima alipata, na watoto walisoma. Lakini zao lililotoka maghalani lilikwenda kwa walevi. Pesa ilipita katika mikono iliyopangika vizuri, na mwisho wake ukabaki ule ule. Skuli iliyojengwa kwa thamani ya akili za watu wengine ni jambo la kumtia huzuni muumini hata akiona faida yake.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliingiza bangi katika udhibiti wa kimataifa, na aliyelisukuma jambo hilo ni mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy. Nchi ya Baybars ndiyo iliyolinyanyua tena suala lile. Kisha Mkataba wa mwaka 1961 ukakataza, lakini ukaacha mlango kwa ajili ya tiba na utafiti: nchi inayotaka kuruhusu kilimo ni lazima iwe na chombo cha serikali cha kutoa leseni, kuainisha ardhi na kuyapokea mavuno. Tarehe 2 Disemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika orodha ya nne, ile kali zaidi, ingawa imebaki katika orodha ya kwanza ya vitu vinavyodhibitiwa.

Hapo ndipo habari zikamfikia kijana wetu. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria mwaka 2020, Rwanda ikatoa kanuni zake mwaka 2021 kwa ajili ya dawa na usafirishaji nje, huku matumizi ya starehe yakibaki marufuku. Katika nchi za Kiislamu, Morocco ilipitisha sheria namba 13-21 mwaka 2021 kwa matumizi ya dawa na viwanda tu, katika mikoa mitatu ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Mwombaji awe Mmorocco mtu mzima, mkaazi wa mkoa huo, na mwanachama wa ushirika. Leseni za mwanzo zilitoka mwaka 2022, na Agosti 2024 Mfalme akawasamehe wakulima zaidi ya 4,800 waliokuwa na kesi au hukumu za kilimo kisicho halali kisheria.

Mizani ya kumpimia kijana wetu

Kwanza, leo hakuna cha kuomba. Tanzania Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Zanzibar ina Mamlaka yake iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2021. Kwetu kulima bangi ni kosa la jinai. Asipande hata mbegu moja kwa kutarajia sheria ya kesho, wala asimpe mtu fedha kwa ahadi hiyo.

Pili, sheria ikibadilika, leseni itamwondolea adhabu ya dunia, basi. Hapa Zanzibar hoteli zinapewa leseni za kuuza pombe, na hatujamsikia mwanachuoni hata mmoja akisema kuwa pombe ya hoteli yenye leseni ni halali.

Tatu, atazame zao lake linakwenda wapi. Wanavyuoni wetu wamesema katika kuuza zabibu au tende: ukijua kuwa mnunuzi atazigeuza pombe, ni haramu kumuuzia, na ukishuku tu, ni makuruhu. Zabibu hazina kosa, lakini mkono unaozipokea una hukumu. Basi mmea ulio tohara, unaokwenda kiwandani kutengenezwa dawa ambayo matabibu waaminifu wamethibitisha haja yake, si sawa na mmea unaokwenda kwa mvutaji. Wa kwanza una nafasi ya ijtihadi. Wa pili hauna, hata leseni yake iwe na mihuri kumi.

Nne, aulize faida ni ya nani. Sisi watu wa Pemba tunazijua leseni vizuri. Mwaka 1937 Chama cha Wakulima wa Karafuu kilipewa haki ya peke yake ya kununua karafuu, ukafuata mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi, na suluhu haikupatikana mpaka mwaka 1938. Tangu hapo kila mwenye mkarafuu anafahamu kuwa bei haiamuliwi na aliyepanda juani. Huko Lesotho gharama za leseni ziliwashinda wakulima wadogo, na wenye mitaji wakachukua nafasi. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul-Baqara, aya ya 219, kwamba kitu kinaweza kuwa na manufaa na bado madhara yake yakawa makubwa zaidi. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kutia saini.

Tumekusudia kumtafuta kijana yule tumpe jibu hili refu badala ya lile fupi. Hatutamwambia kuwa limekuwa jepesi, bali tutamwambia kuwa swali lake ni la kale, na kwamba waliomtangulia walilijibu kwa elimu, si kwa kumfungia mlango. Ndugu zetu maimamu, vijana watatuuliza zaidi. Mwenye kuona kosa katika tuliyoyaandika na atusahihishe, Mwenyezi Mungu atamlipa kheri.

Wallahu a'lam.