MMA RAMOTSWE: KOMEDI YA UPELELEZI ILIYOWAGAWA WATAZAMAJI

 

Kila tukigusa tamthilia za upelelezi hapa kijiweni, swali linarudi lile lile: hivi Afrika hatuna mpelelezi wa kwenye TV? Wa kuchekesha tunao. Kenya kuna Inspekta Mwala wa Citizen TV, askari ambaye hujui akukamate au umkamate wewe. Lakini kuna mmoja ambaye dunia nzima ilimwona, na wengi wetu hapa Somanda tulimkosa kwa sababu hakupita kwenye vituo vyetu. Anaitwa Precious Ramotswe, wa Gaborone, Botswana. Naweka habari zake hapa kwa kirefu, na namna watazamaji walivyompokea. Mwisho nitasema kwa nini habari yake inatuhusu sisi wa Bariadi kuliko inavyoonekana.

NI KOMEDI GANI?

Jina lake ni The No. 1 Ladies' Detective Agency. Ilianza kama kitabu, mwaka 1998, kilichoandikwa na Alexander McCall Smith, Mskoti aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948. Vitabu vikafuatana, vikauza sana, wazungu wakaamua kuviweka kwenye skrini. Sehemu ya kwanza, ndefu kama muvi, iliongozwa na Anthony Minghella, yule wa The English Patient. Ilionyeshwa BBC One tarehe 23 Machi 2008, siku ya Pasaka. Minghella mwenyewe hakuiona hewani: alifariki tarehe 18 Machi, siku tano tu kabla. Mwaka 2009 zikafuata sehemu sita, kwanza BBC Uingereza, halafu HBO Marekani. Baada ya hapo haikuendelea tena. Jumla sehemu saba.

Stori yenyewe ni nyepesi. Baba mtu, mchimba migodi wa zamani Afrika Kusini, anafariki na kumwachia binti yake ng'ombe. Kwenye kitabu ni ng'ombe 180. Binti anawauza, ananunua nyumba na kufungua ofisi ya upelelezi, ya kwanza nchini kuendeshwa na mwanamke. Hapo tu banda zima la video la hapa Somanda lingepiga kelele. Ng'ombe 180 uwauze ukafungue ofisi ya kuuliza watu maswali? Wajomba wangeitisha kikao siku hiyo hiyo!

Ofisini yupo yeye, yupo katibu wake Mma Makutsi aliyemaliza chuo na asilimia 97 na hataki mtu asahau, kuna chai, na nje kuna kigari cheupe. Bunduki hamna. Kufukuzana juu ya mapaa hamna. "Mma" ni heshima ya Kitswana kwa mwanamke, kama sisi tunavyosema mama, na mwanamume anaitwa "Rra".

Kesi zake ni za mtaani: mume anayetoka nje ya ndoa, mume aliyepotea. Kwenye kitabu cha kwanza kuna jamaa anamtokea dada mmoja mwenye kazi nzuri, anajitambulisha kuwa ndiye baba yake aliyepotea siku nyingi, anahamia kwake anakula na kulala bure. Mma Ramotswe anavaa sare za nesi, anamfuata mzee na kumwambia binti yako kapata ajali, inatakiwa damu nyingi, na ni yako wewe mzazi, ila huenda ukafa. Mzee anageuka hapo hapo: mimi siyo baba yake! Kesi imekwisha. Hakuna kipimo wala maabara, kuna kumjua binadamu tu.

WALIOCHEZA

Mma Ramotswe kachezwa na Jill Scott, mwanamuziki wa Philadelphia, Marekani. Makutsi ni Anika Noni Rose, naye Mmarekani. Idris Elba yumo kwenye sehemu ya kwanza kama mtu mbaya.

Sasa shika hili: fundi magari Bwana J.L.B. Matekoni, yule mpole anayempenda mama mpelelezi kimya kimya, kachezwa na Lucian Msamati. Jamaa kazaliwa London mwaka 1976 na kukulia Zimbabwe, lakini wazazi wake ni Watanzania. Ni damu yetu kabisa. Baadaye mlimwona kwenye Game of Thrones kama yule haramia Salladhor Saan. Mwaka 2015 akawa mweusi wa kwanza kucheza Iago kwenye jukwaa la Royal Shakespeare Company, na mwaka 2024 kaonekana kwenye filamu ya Conclave kama kadinali. Ukibishana na mtu kwamba Mbongo hajawahi kufika huko, mtajie huyu.

WATAZAMAJI WALISEMAJE?

Uingereza sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 6. Waliopenda walisema hatimaye wameiona Afrika isiyo na vita, njaa wala mtoto mwenye nzi usoni. Waliiona Afrika ya watu wanaokwenda kazini, wanaosalimiana na kuchekana.

Waliopinga walisema ni tamu mno, kama chai iliyozidishwa sukari. Kila mtu mpole, kila kesi inaisha kabla ya chakula cha usiku. Wengine wakasema huo ni utani wa mzungu juu ya Mwafrika mwema asiye na makuu, hata kama nia ni nzuri.

Botswana kwenyewe furaha ilikuwepo. Serikali yao ilichangia takriban dola milioni 5 ili kazi ipigwe kwao na siyo Afrika Kusini, na seti ikajengwa chini ya kilima cha Kgale pale Gaborone. Lakini manung'uniko nayo yalikuwepo: kwa nini mama wa Kitswana achezwe na Mmarekani? Na ile lafudhi? Jiulize mwenyewe: siku mtu wa nje akija kucheza Msukuma, akasalimia "mwangaluka" kama anasoma maandishi ya dawa, si tutacheka mpaka tukose pumzi, halafu tukasirike?

Mimi naona pande zote mbili zina haki. Ila kuna kitu wote walikipita haraka.

PALE KICHEKO KINAPOKATIKA

Katikati ya vichekesho vyote vya sehemu ya kwanza kuna kesi moja isiyochekesha. Mtoto wa kiume wa mwalimu amepotea, na kila mtu anahofia jambo moja wasilotaka kulitaja: kwamba kachukuliwa kwa ajili ya dawa, kwamba viungo vyake vinatafutwa na waganga. Mtazamaji wa London alikunja uso kidogo, akasubiri kigari cheupe kirudi. Kwake ilikuwa chumvi ya stori.

Sasa angalia tarehe. Machi 2008. Bariadi wakati huo bado ni wilaya ya mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012. Na Kanda ya Ziwa yote iko kwenye kipindi kibaya cha mauaji ya watu wenye ualbino. Umoja wa Mataifa ulihesabu wasiopungua 75 waliouawa Tanzania kati ya 2000 na 2015. Jamani, hawa ni watu waliokuwa wanakaa nasi, wanauza nasi, wanasoma nasi. Mama mwenye mtoto wa hivyo alikuwa halali usingizi.

Serikali ilihangaika. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Machi 2009 zikapigwa kura za siri, mtu anaandika jina la anayemshuku na kutumbukiza. Mimi hapo nilikuwa na wasiwasi, maana karatasi haitofautishi muuaji na jirani uliyegombana naye mpaka wa shamba la pamba. Jina siyo ushahidi. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu Shinyanga ikawahukumu wanne, na mauaji yale yalitokea hapa hapa wilayani Bariadi.

Kwenye TV mtoto wa mwalimu anapatikana hai. Kwetu wengi hawakupatikana hai. Ndiyo maana nasema banda lile lile lililopiga kelele kwa ng'ombe 180 lingenyamaza kimya hapo.

MPELELEZI WETU WA KWELI

Mwaka ule ule wa 2008, ambao Jill Scott anaigiza mwanamke anayekwenda kuwauliza maswali waganga, mwanamke wa Kitanzania alikuwa anafanya kazi hiyo kweli, bila kamera ya sinema. Ni Vicky Ntetema, mkuu wa ofisi ya BBC Tanzania. Alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akazunguka kwa waganga huku kanda yetu, akasikia kwa masikio yake wakimtajia bei ya viungo vya binadamu. Habari ilipotoka Julai 2008 alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari.

Mbinu yake ni ipi? Ile ile ya Mma Ramotswe na nguo za nesi: jifanye mwingine, uliza, mwache mtu aseme mwenyewe. Hakutumia ramli wala kura.

Na Waswahili tuliijua mbinu hiyo zamani kabla ya kitabu cha Mskoti. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, anakuta watu wakihofia mzimu kwa kifo cha mtu, yeye anavuta kiko chake na kumtafuta binadamu aliyeua. Na sisi Wasukuma, sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wapo waliofuata nyayo za mifugo, na wapo waliofuata ramli. Wa pili ndio waliowaumiza vikongwe wasio na hatia kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

KWA HIYO IPO AU HAIPO POA?

Itafute uitazame. Ina utamu mwingi, ni kweli, na lafudhi zitakuchekesha mahali isipotakiwa. Lakini mtu anayesema haina uzito kwa sababu inachekesha hajaiangalia vizuri. Uzito wake upo kwenye swali moja dogo: nani kaona, na alikuwa wapi? Huku kwetu swali la kwanza limekuwa kwa muda mrefu "nani kamroga?" Ukilibadilisha swali, kuna mtu anapona.

Wadau, je, tukitengeneza ya kwetu, mama mpelelezi wa Bariadi, nani acheze? Na tafadhali asiwe wa kujifunza "mwangaluka" wiki moja kabla. Semeni hapo chini, matusi hapana.