Unga Mweupe Usio na Jina: Floridi ya Sodiamu na Kazi ya Lebo

Ukimtajia Mswahili neno floridi, atawaza mambo mawili. La kwanza ni dawa ya meno. La pili, hasa kwa aliyekulia chini ya Mlima Meru au kando ya Bonde la Ufa, ni maji ya kisima yanayoyapa meno ya watoto rangi ya kahawia na kuipinda mifupa ya waliokunywa kwa miaka mingi. Yote mawili ni kweli, lakini makala hii inahusu sura ya tatu, isiyosemwa sana: floridi ya sodiamu ikiwa kavu, unga mweupe usio na harufu ulio katika stoo za maabara na za viwanda. Maabara zilezile zinazopima floridi ya visima vya kaskazini mwa Tanzania hutumia unga huu kutengeneza myeyuko sanifu wa kusahihishia vipimo vyao. Hoja yangu ni kwamba uainishaji wa kemikali hii, hata uwe sahihi namna gani, haumkingi mtu pale jina linapoachana na unga, na kwamba kwetu jina huachana na unga mapema mno.

Ushahidi mchungu zaidi ninaoujua unatoka Salem, katika jimbo la Oregon, Marekani. Tarehe 18 Novemba 1942, katika hospitali ya jimbo ya wagonjwa wa akili, chakula cha jioni kilikuwa mayai ya kuvuruga. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akisaidia jikoni alitumwa stoo kuleta maziwa ya unga. Alichokileta ni floridi ya sodiamu, iliyowekwa pale kwa ajili ya kuua mende. Zaidi ya watu 260 walidhurika, na 47 wakafa. Msaidizi yule hakukosea kwa uzembe. Alitumwa unga mweupe, akakuta unga mweupe. Kosa lilikuwa limeshatendeka kabla hajashuka ngazi, siku sumu ya wadudu ilipowekwa mahali ambapo mtu wa jikoni angeweza kuifikia.

Miaka mitano baadaye, sheria ya Marekani ya viuawadudu ya mwaka 1947 iliagiza baadhi ya sumu za unga mweupe, floridi ya sodiamu ikiwemo, zitiwe rangi ili zisifanane na vyakula. Naiheshimu sana hatua hiyo, kwa sababu ilikubali jambo ambalo wataalamu hulikwepa: maandishi hubaki kwenye kopo, ilhali rangi husafiri na unga popote uendako. Ila rangi haitufai maabara, ambako usafi wa kemikali ndio unaolipiwa. Kwa hiyo kwetu mzigo wote unabaki juu ya lebo.

Lebo hiyo inasema nini? Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, floridi ya sodiamu imo katika kundi la 3 la sumu kali kwa njia ya kumeza. Kundi hili ni la vitu ambavyo kipimo cha kuua nusu ya wanyama wa majaribio ni zaidi ya miligramu 50 na hakizidi 300 kwa kila kilo ya uzito. Alama yake ni fuvu na mifupa. Huongezwa kwamba unga huwasha ngozi na kuwasha macho vikali, na kanuni za Ulaya zinaongeza onyo kwamba ukikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu kali sana. Katika usafirishaji hubeba namba 1690 na huwekwa katika daraja la 6.1, la vitu vyenye sumu.

Namba hizi hazina maana mpaka zipimwe kwa mwili wa mtu. Madaktari huchukulia miligramu 5 za floridi kwa kila kilo ya uzito kuwa kiwango cha kumkimbiza mtu hospitali bila kusubiri dalili. Mtoto wa kilo 10 hufikia kiwango hicho kwa miligramu 110 hivi za floridi ya sodiamu, kiasi cha kuokotwa kwa ncha za vidole viwili. Kwa mtu mzima, gramu 5 hadi 10 zinatosha kuua: kijiko kimoja au viwili vya chai.

Hapa lazima tuseme kwa nini si kila floridi inastahili hofu hiyo. Florispa, jiwe lililochimbwa kwa miongo kadhaa katika Bonde la Kerio nchini Kenya, ni floridi ya kalsiamu. Lita moja ya maji huyeyusha miligramu 16 hivi tu za jiwe hilo. Lita hiyohiyo huyeyusha gramu 40 hivi za floridi ya sodiamu, yaani mara 2,500. Sumu ya floridi ni sumu ya ile iliyoyeyuka. Ndiyo maana mtu anaweza kulishika jiwe la florispa kiganjani bila madhara, na ndiyo maana neno “floridi” peke yake kwenye kopo halimwambii mtu lolote la kumsaidia.

Unga ukifika tumboni, asidi ya tumbo hugeuza sehemu kubwa kuwa floridi ya haidrojeni, ambayo hupenya kuta za tumbo kwa urahisi na kuziunguza. Ndani ya damu floridi huikamata kalsiamu, na moyo ulioishiwa kalsiamu hupoteza mapigo yake. Huduma ya kwanza inafuata mantiki hiyo. Mgonjwa asitapishwe. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe maziwa, kwa kuwa kalsiamu iliyomo huishika floridi kabla haijaingia mwilini, kisha apelekwe hospitali haraka pamoja na kopo lenyewe. Mara nyingi nawaza kwamba kile ambacho yule msaidizi wa Salem alitumwa kukileta ndicho hicho ambacho wenzake wangepaswa kupewa.

Kanuni za kazini nazo hazihitaji maneno mengi. Upimaji ufanyike penye mfumo wa kuvuta hewa, kwa glavu, miwani ya kinga na barakoa ya vumbi. Unga uliomwagika usifagiliwe mkavu, bali uokotwe kwa kitambaa chenye unyevu. Usihifadhiwe rafu moja na asidi, wala karibu na dawa ya kusafishia vyoo yenye asidi, na myeyuko wake wenye asidi utiwe chupa za plastiki kwa sababu hula kioo. Chakula kisiingie chumba hicho kabisa, hata chai ya saa nne.

Lakini niliwahi kuonyeshwa, katika stoo ya maabara ya shule moja ya sekondari, kopo lililokuwa la siagi ya karanga, juu yake pameandikwa kwa kalamu “NaF”, alama ya kikemia ya floridi ya sodiamu. Mwalimu alijua maana yake. Aliyefuta vumbi kwenye rafu ile kila Ijumaa hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia. Wapo watakaosema kwamba lebo ya Kiingereza inatosha kwa kuwa wanaofanya kazi maabara wamesoma kwa Kiingereza. Hoja hiyo inamsahau dereva, mtunza stoo, mfagizi na mlinzi, yaani wengi wa wale wanaougusa mzigo.

Tafsiri nayo ina mtego wake. Neno “sumu” tunalibandika juu ya dawa ya panya, mafuta ya taa na uyoga wa porini, hata halimshtui mtu tena. Sumu tunaiita “hatari”, na mchezaji hodari wa mpira vilevile. Wakaguzi wa usalama kazini wametupatia “kihatarishi” kwa kile kilicho ndani ya kitu chenyewe, na hatua hiyo ni nzuri, lakini kwenye lebo nomino hazitoshi. Panatakiwa vitenzi: unga huu si chumvi wala maziwa, ukimezwa unaua, ukimwagiwa asidi unatoa gesi inayoua, aliyemeza apewe maziwa na akimbizwe hospitali. Maneno hayo yaandikwe kwenye kila kopo dogo linalojazwa kutoka kwenye kopo kubwa, siku ileile linapojazwa.

Na kopo likiisha? Kwetu chombo hakitupwi. Dumu la kemikali huoshwa likatekea maji, ndoo ya rangi huwa ya unga wa ugali. Sheria ya Tanzania ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inamkabidhi Mkemia Mkuu wa Serikali usimamizi wa wanaoingiza na kutumia kemikali, ila hakuna mkaguzi awezaye kusimama kwenye kila jalala. Basi chombo kilichobeba floridi ya sodiamu kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yakusanywe kama taka ya kemikali, kisha kitobolewe kitako kwa msumari kabla hakijatoka getini.