Mvua za Mwaka na Pepo za Kusi: Namna ya Kuitayarisha Nyumba Yako ya Pwani

Kila kaskazi ikianza kulegea, mwishoni mwa Machi hivi, mimi hupanda juu ya paa la nyumba yangu na nyundo mkononi na mfuko wa misumari kiunoni. Majirani wamezoea. Mmoja huniuliza kama nautafuta mwezi mwandamo. Zamani nami nilikuwa kama wao, nangoja bati lipige kelele usiku ndipo nimtafute fundi asubuhi.

Kilichonibadilisha ni mvua za Novemba 2023, zile za El Niño. Maji yaliingia nyumbani kwetu Kisauni baada ya saa nane usiku. Mamangu alikataa kutoka. Alisema nyumba ile aliijenga marehemu babangu na hatoitoka kwa sababu ya maji ya mvua. Mimi na mwanangu mkubwa tulimbeba na kiti chake mpaka kwa jirani ambaye nyumba yake iko juu kidogo. Tulisahau kisanduku cha bati kilichokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya kiwanja za zaidi ya miaka thelathini.

Watu wa Mombasa hamhitaji kuelezwa maana yake. Nyumba zetu nyingi ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na ushahidi wako wa kuwa pale kihalali ni ile risiti ya kila mwezi. Asubuhi tulikuta uji wa karatasi. Mwenye ardhi alikwisha kufariki, na warithi wake walipokuja baadaye kuuliza nani ni nani, sisi hatukuwa na cha kuonyesha. Mpaka leo tunatafuta nakala. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyalipia ada.

Kwanza, je, vimbunga vinafika kwetu? Kimbunga cha baharini kinahitaji mzunguko wa dunia ili upepo uanze kujizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Chini ya digrii tano hivi ni nadra kimbunga kusimama. Mombasa iko digrii nne kusini, Lamu mbili na kitu. Ndiyo maana wazee wetu waliogopa mvua za mwaka na kusi kali zaidi kuliko tufani yenyewe.

Lakini nadra si kamwe, na jirani zetu wanajua. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazama sehemu kubwa ya merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu mingi. Pemba ikasalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kikatua kaskazini mwa Msumbiji. Jobo ya Aprili 2021 ilidhoofika kabla ya kufika pwani ya Tanzania. Mei 2024 Hidaya ilifika upande wa Mafia ikiwa imepungua nguvu, na kabla ya mwezi huo kwisha Ialy ikapita baharini ikielekea kaskazini, upepo wake ukatufikia. Desemba 2024 Chido iliipiga Mayotte, na mitaa mizima ya vibanda vya mabati ikafagiwa. Nilipoona picha zile nilitazama juu nikahesabu misumari yangu.

Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi ni Novemba mpaka Aprili, na mkia wake huingia Mei. Mvua za mwaka ni Machi mpaka Mei. Kusi huanza kushika Aprili. Angalia jinsi yote matatu yanavyokutana katika wiki zile zile. Tena kimbunga cha mbali kinaweza kutuharibia mambo bila kutugusa: hutuletea mawimbi, au huivuta mvua yetu. Mwaka 2019 Idai ilipoipiga Beira mwezi wa Machi, unyevu ulivutwa kusini na mvua zetu zikachelewa.

Sasa paa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapopotea. Watu hudhani upepo hulisukuma bati. Upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, hasa pembeni, kwenye pembe na kwenye mgongo wa paa. Ukiacha dirisha la upande wa kusi wazi na la nyuma limefungwa, upepo ulioingia nao husukuma kutoka ndani. Nguvu mbili, bati moja. Kwa hiyo ukisikia tahadhari ya upepo, funga madirisha na milango ya upande unaovuma kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu bati lenyewe, kumbuka namba zinakwenda kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko yote mawili. Fundi mmoja alinitoza pesa ya geji 30 akanipigia 32. Niligundua nilipokanyaga likabonyea kama kopo. Siku hizi nasoma maandishi yaliyochapwa kwenye bati kabla halijapanda juu. Misumari nayo iwe ya bati, yenye kofia pana na mpira chini yake. Msumari wa kawaida uliokunjwa ncha hauna kazi pale. Na kwa sababu ya chumvi ya bahari, msumari wa pwani hauishi maisha ya msumari wa Nakuru. Ukiona kutu imeuzunguka kama pete ya kahawia, ng'oa, tia mwingine kando yake, na uzibe tundu la zamani.

Pembeni mwa paa piga misumari kwa ukaribu zaidi kuliko katikati. Upenu mrefu ni mzuri kwa kivuli, lakini upepo huukamata kama kiganja, kwa hiyo usizidishe. Jambo ambalo mafundi wengi huliruka ni kulifunga paa na ukuta. Mbao zimelazwa tu juu ya ukuta, zinangoja siku yake. Mwambie azifunge kwa ukanda wa chuma unaoshuka na kuingia ukutani. Ni gharama ndogo ukijenga, na ni usumbufu mkubwa ukitaka kuufanya baadaye. Mimi niliufanya baadaye.

Wenye nyumba za makuti msijione wanyonge. Makuti yaliyofumwa vizuri kwenye paa lenye mwinuko mkali humwaga maji haraka na huupitisha upepo kidogo kidogo, na likianguka halikati mtu shingo. Likichakaa lakini ni ungo. Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Hatari yao ni maji yanayosimama juu ya dari na kuiozesha boriti pale inapoingia ukutani. Zibua njia za maji, na usipige saruji juu ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani.

Kabla ya Aprili mwite mkwezi aondoe makuti makavu na nazi zilizokomaa kwenye minazi iliyo karibu na nyumba. Tawi la mwembe lililolala juu ya paa likatwe, hata kama ndilo lenye maembe matamu.

Baada ya paa ni maji ya chini. Mafuriko ya mjini kwetu yana siri moja ambayo wavuvi wanaijua na wenye nyumba tumeisahau, nayo ni bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya bahari hujaa kupita kiasi. Mvua kubwa ikinyesha saa ya bamvua, mitaro haina pa kumwaga. Maji yanarudi nyuma. Usiku ule wa Novemba tulidhani mtaro umeziba, kumbe mbele yake bahari ilikuwa imeshajaa. Kwa hiyo mimi husoma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa pamoja na tarehe ya Kiislamu na saa za maji kujaa. Mvua kubwa ikitangazwa kwa tarehe 14 mpaka 17 au siku za kwanza za mwezi, vitu vinapanda juu ya meza mapema. Siku za maji mafu nalala vizuri zaidi.

Utasikia tahadhari ya upepo wa noti 25. Hiyo ni takriban kilomita 46 kwa saa, inatosha kumrudisha mvuvi pwani na kuondoa bati lililolegea. Dhoruba hupewa jina ikifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ikifika 118.

Mtaro ulio mbele ya nyumba yako usingoje kaunti. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini chupa ziko pale pale. Na wewe uliyejenga ukuta juu ya njia ya maji ukaona umeongeza kiwanja, maji hayajaisahau njia yake. Yatapita kwa jirani yako. Hilo ni jambo la haki ya jirani, na mashekhe wetu wangelitaja mimbarini mara nyingi zaidi ningefurahi. Walio ufukweni nao waiache mikoko isimame. Watu wa Gazi wameilinda yao kwa miaka, na wimbi likipita katikati ya mizizi ile hufika nyuma likiwa limechoka.

Kisima kiwe na mdomo ulioinuliwa na mfuniko. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu, kwa hiyo mafuriko yakipita juu ya shimo la choo, hesabu kwamba kisima kimeguswa hata kama maji yake ni meupe. Chemsha au tia dawa ya klorini kwanza. Kipindupindu hakichagui mtaa.

Umeme: zima swichi kuu maji yakikaribia, kabla hayajaingia. Yakishaingia, usiiguse ukiwa umesimama ndani yake. Waya ukianguka barabarani zuia watoto na upigie kampuni ya umeme, 97771. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199.

Bima sina mengi ya kusema. Ikiwa unayo, iwe ya kawaida au ya takaful, soma kama neno mafuriko limetajwa. Bima ya moto peke yake haimaanishi utalipwa kwa maji.

Halafu karatasi. Piga picha risiti, hati, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, umtumie ndugu anayeishi mji mwingine. Zile za asili zitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, uiweke juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua. Na kubalianeni mapema, watu wakiwa wametulia, nani atambeba mzee na atapelekwa nyumba gani. Usiku wa maji si wakati wa kubishana na mama.

Yetu ni ndoo ya rangi ya buluu. Nilipomwonyesha mamangu alitia ndani picha ya babangu na funguo za zamani ambazo sijui ni za mlango gani, kisha akaniuliza kama inaelea. Tuliijaribu kwenye karai la kufulia. Inaelea.