ARDHI, SHIRIKISHO NA FAIDA: MAFUNZO YA HISTORIA YA USWISI

Swali la nani apange matumizi ya ardhi ni swali la siasa. Anayeamua wapi pajengwe, wapi palimwe na wapi pabaki msitu, anaamua pia nani atajirike na nani asitajirike. Katika nchi yenye serikali moja swali hili ni gumu. Katika nchi ya shirikisho ni gumu zaidi, maana madaraka yamegawanywa, na kila mwenye maslahi hujificha nyuma ya mgawanyo huo.

Katika makala haya tunakusudia kuchambua mfano mmoja, nao ni wa Uswisi. Tumeuchagua kwa sababu ni nchi ya kibepari inayoheshimu mno umilikaji binafsi, ambamo majimbo, yaitwayo kantoni, yana wivu mkubwa juu ya madaraka yao. Hata hivyo, kwa muda wa karne moja na nusu Serikali ya Shirikisho imelazimika, hatua kwa hatua, kushika usukani wa misitu, maji na ardhi. Tunataka kujua ni nini kilichoilazimisha, na kwa nini baadhi ya hatua zilifaulu upesi na nyingine zikakwama kwa miaka karibu arobaini.

Msitu wa mlimani na mafuriko ya bondeni

Katiba ya 1848 iliipa Serikali ya Shirikisho mambo machache: uhusiano na nchi za nje, forodha, sarafu, posta na sehemu ya ulinzi. Misitu na mito ilibaki mikononi mwa majimbo. Wakati huo huo viwanda vilihitaji kuni na makaa, reli ilihitaji mataruma, na wafanyabiashara waliuza magogo nje. Miti ya milimani ilikatwa ovyo, na mbuzi wakamaliza miche iliyojaribu kuota.

Mtaalamu wa misitu, Elias Landolt, alitumwa na Serikali kuchunguza hali ya milimani, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1862. Ilionya kwamba mlima usio na msitu hauzuii maji, udongo wala theluji. Taarifa ilisomwa, lakini sheria haikutungwa. Ndipo yakaja mafuriko makubwa ya mwaka 1868, yaliyoharibu majimbo ya Ticino, Uri, Valais, Graubünden na St. Gallen. Mito haikuuliza mpaka wa jimbo uko wapi. Jimbo la juu lilipata faida ya magogo, na watu wa bondeni walipata matope.

Mgongano huo ndio uliozaa madaraka mapya. Katiba ya 1874 iliipa Serikali ya Shirikisho usimamizi mkuu wa misitu na mito ya milimani, na sheria ya misitu ikatungwa mwaka 1876. Sheria hiyo haikutaifisha hata mti mmoja. Ilisema kwamba eneo la msitu lisipunguzwe bila kibali, na ililazimisha majimbo kuajiri mabwana misitu waliosomea kazi hiyo. Serikali kuu ilichangia fedha za kupanda miti, na majimbo yaliendelea kutekeleza. Mwaka 1902 sheria mpya ilieneza usimamizi huo nchi nzima. Leo misitu inafunika karibu theluthi moja ya Uswisi, nayo imeongezeka tangu enzi zile.

Kwa nini hatua hii ilifaulu? Hofu ya mafuriko ni sababu moja. Lakini ipo nyingine ambayo wengi huisahau: sehemu kubwa ya misitu ile ilikuwa mali ya vijiji na jumuiya, si ya mtu mmoja mmoja. Sheria ilipozuia ukataji, haikukuta tabaka kubwa la watu ambao kila mmoja anatetea faida yake binafsi.

Bomba la maji machafu lafanya kazi ya mpangaji

Baada ya Vita Kuu ya Pili uchumi ulipanuka kwa kasi. Mwaka 1950 Uswisi ilikuwa na watu milioni 4.7, kufikia 1970 walikuwa karibu milioni 6.3. Nyumba, barabara na viwanda vilienea mabondeni penye ardhi bora ya kilimo. Shamba lililokaribia mji lilipanda bei kabla hata msingi haujachimbwa, na walanguzi wa ardhi wakatajirika bila kutoa jasho.

Majitaka ya nyumba hizo yalimwagwa katika mito na maziwa. Kifungu cha Katiba juu ya kulinda maji kilipitishwa mwaka 1953, na sheria ikafuata mwaka 1955, lakini mwaka 1965 ni asilimia 14 tu ya wananchi waliounganishwa na mitambo ya kusafisha majitaka. Miaka miwili kabla yake, homa ya matumbo ilikuwa imezuka Zermatt, mji mashuhuri wa watalii. Aibu ilikuwa kubwa.

Sheria mpya ya maji ya mwaka 1971 ilikuwa na meno. Ilikataza, isipokuwa kwa sababu maalumu, kujenga nje ya eneo lililopangiwa mtandao wa mabomba ya majitaka. Hapa tunaona jambo la kufikirisha. Serikali ya Shirikisho haikuwa bado na sheria ya mipango ya ardhi, lakini kwa njia ya bomba ilichora mstari kati ya ardhi ya kujenga na ardhi isiyo ya kujenga. Mwaka 1972 amri ya dharura ikayataka majimbo yatenge haraka maeneo ya kulindwa yasijengwe. Hifadhi ya mazingira ilitangulia, mipango ya ardhi ikafuata nyuma yake.

Sheria iliyoanguka na sheria iliyopita

Mwaka 1969 Katiba ilipata vifungu viwili kwa mpigo: kimoja kikihakikisha haki ya kumiliki mali, kingine kikiipa Serikali ya Shirikisho madaraka ya kuweka misingi ya mipango ya ardhi. Wanaume peke yao ndio waliopiga kura hiyo, maana wanawake wa Uswisi walipata haki ya kura ya kitaifa mwaka 1971 tu. Mgongano wa siku za mbele ulikuwa umekwisha andikwa ndani ya Katiba yenyewe: haki ya mwenye mali upande huu, mpango wa jamii upande ule.

Bunge lilitunga sheria mwaka 1974. Ilikuwa na kifungu kilichogusa mzizi: ardhi ikipanda bei kwa sababu ya mpango wa umma, sehemu ya ongezeko hilo irudi kwa umma. Wapinzani walikusanya saini, na kampeni yao ilizungumzia uhuru wa majimbo dhidi ya urasimu wa Bern. Tarehe 13 Juni 1976 sheria hiyo ilikataliwa kwa asilimia 51.1 ya kura. Neno lililosemwa lilikuwa shirikisho. Kitu kilicholindwa kilikuwa pia faida.

Sheria iliyopitishwa mwaka 1979 na kuanza kutumika Januari 1980 ilikuwa nyepesi. Serikali ya Shirikisho iliweka misingi, kila jimbo lilitakiwa kuandaa mpango wake mkuu na kuuleta Bern uidhinishwe, na wilaya na vijiji vilipima maeneo ya ujenzi yanayotosha mahitaji ya miaka 15. Kuhusu ongezeko la bei, kila jimbo liliachiwa litunge utaratibu wake. Majimbo machache, yakiwamo Basel-Stadt na Neuchâtel, yalifanya hivyo. Mengi yalinyamaza.

Matokeo yake yanajulikana. Vijiji vilishindana kutenga maeneo makubwa ya ujenzi kupita mahitaji, kwa kuwa mwenye shamba alitajirika kwa saini moja ya halmashauri. Kati ya 1985 na 2009 Uswisi ilipoteza kiasi cha hekta 85,000 za ardhi ya kilimo, karibu sawa na ukubwa wa jimbo zima la Jura. Mwaka 1992 Serikali ya Shirikisho ilikuwa imegawia kila jimbo kiwango cha ardhi bora ya mazao ambacho ni lazima likilinde, jumla yake hekta 438,560, ili nchi iweze kujilisha wakati wa shida. Kiwango hicho kiliokoa kitu, lakini chanzo cha tatizo hakikuguswa.

Tarehe 3 Machi 2013, miaka 37 baada ya sheria ya kwanza kuanguka, asilimia 62.9 ya wapiga kura walikubali sheria iliyorekebishwa. Maeneo ya ujenzi yaliyozidi mahitaji yapunguzwe, na ardhi ya shamba ikigeuzwa kuwa ya kujenga, angalau asilimia 20 ya ongezeko la thamani ilipwe kwa umma. Ni jimbo moja tu lililokataa, nalo ni Valais. Tusifikiri kwamba waliokataa huko wote walikuwa mabwanyenye. Wengi walikuwa watu wa kawaida wenye vipande vidogo vya ardhi walivyorithi, ambavyo walivitegemea kama akiba ya uzeeni. Mfumo wa faida ya ardhi una nguvu kwa sababu hiyo: humfanya hata mnyonge alinde mlango wa mlanguzi.

Mafunzo

Historia hii inatupa mafunzo matatu.

Kwanza, katika shirikisho madaraka ya mazingira hupanda juu pale ambapo madhara yanavuka mipaka. Mafuriko na majitaka yalishinda hoja za majimbo ambazo wataalamu peke yao hawakuzishinda.

Pili, serikali kuu huongoza vizuri ikishika mambo matatu: msingi wa sheria, fedha na uidhinishaji. Kazi yenyewe hufanywa vema na walio karibu na ardhi, mradi wasiachiwe kujipimia wenyewe.

Tatu, nalo ndilo kubwa, mpango usiogusa faida inayotokana na ardhi hubaki ramani ukutani. Msitu wa jumuiya ulilindwa kwa sheria moja. Shamba la mtu binafsi lililokaribia mji lilihitaji karibu miaka arobaini ya mabishano, na mapambano yake hayajaisha: mwaka 2023 Bunge la Uswisi lilirudi tena kwenye sheria hiyo ili kuzuia ongezeko la majengo nje ya maeneo ya ujenzi.

Kwa hiyo kada au mwanafunzi anayesoma mpango wowote wa matumizi ya ardhi asitosheke kuuliza ni ngazi ipi ya serikali iliyouandika. Aulize pia ardhi hiyo itakapopanda bei, fedha zitaingia mfuko wa nani.