Walimu wastaafu (Masasi na Newala)

Walimu wastaafu ni nguzo ya vijiji vya wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akiwa na 60; pensheni hulipwa na PSSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2018.

Ualimu una mizizi mirefu hapa: wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Kundi linalostahili kukumbukwa zaidi ni walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakishika chaki, ili kila mtoto apate shule. Waliodharauliwa kwa elimu yao ndogo ndio walioibeba elimu ya msingi, na wengi wao sasa wamestaafu.

Kazi haiishi. Msimu wa korosho, mkulima humletea mwalimu wake wa zamani stakabadhi ya ghala. Mzee huvaa miwani, husoma kilo na daraja, kisha hupiga hesabu ya makato nyuma ya daftari la mjukuu.