Vipande vya DHIS2: nani anavileta, na wakati gani?

Kila mwezi vituo vya afya vya Kasongo, Kabambare na zone zingine za kusini mwa Maniema vinajaza ripoti: watoto wangapi wamechanjwa, wagonjwa wangapi wa malaria, wamama wangapi wamezaa. Karatasi zinafika ku biro kubwa ya zone ya afya, na pale mwenye kushughulika na takwimu anaziingiza ku ordinatere, ndani ya programu inayoitwa DHIS2. Ni programu ya bure, inatoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka wa 2011, na Kongo inaitumia kwa mfumo wake wa habari za afya, SNIS. Seva ni ya taifa. Ikianguka, mtu wa Kabambare hawezi kutuma kitu, hata kama mega ziko na panneau ya jua inawaka.

Sasa, DHIS2 haikuandikwa yote na watu wa Oslo. Imeandikwa kwa lugha ya Java, na ndani yake kuna vipande vingi vilivyotengenezwa na watu wengine: kimoja cha kuandika kumbukumbu za seva, kingine cha kuongea na hifadhi ya data, na kadhalika. Hivyo ndivyo vitegemezi.

Mwenye kuvikusanya anaitwa Maven. Toleo lake la kwanza lilitoka 2004. Anafanya kazi sawa na mtoto anayetumwa sokoni na karatasi: anasoma faili pom.xml, anaenda ku ghala kubwa la intaneti linaloitwa Maven Central, analeta kila kipande kwa namba yake ya toleo, na anakiweka ndani ya folda .m2 ili kesho asirudi sokoni. Shida ni kwamba kila kipande kinakuja na madeni yake. Kimoja kinaomba toleo la 1 la kitu fulani, kingine kinaomba toleo la 2 la kitu kile kile. Hapo Maven hachagui lililo jipya, wengi wanakosea hapo. Anachagua lililo karibu zaidi na shina la mti. Programu inajengwa vizuri, lakini siku ya kutumika inaweza kuanguka.

Tena kazi yake ina mwisho. Anatoa faili moja, WAR, yenye vipande vyote vya Java ndani. Java yenyewe haimo. Tomcat haimo, PostgreSQL haimo. Hivyo mashini ndiyo inapaswa kuwa navyo, na mashini yenye Java ya zamani itaikataa ile WAR.

Kontena inaanzia pale. Docker, iliyojulikana tangu 2013, inafunga pamoja faili za Linux, Java, Tomcat na WAR, kila kitu isipokuwa kiini cha Linux, ambacho inaazima kwa mashini. Lakini haijui nani anamtegemea nani. Haiamui ugomvi wa matoleo, inabeba tu kile ilichopewa, kizuri ao kibovu. Watu wanaozishindanisha sawa timu mbili za mpira wanakosea: mara nyingi Maven anafanya kazi ndani ya kontena wakati wa kujenga.

Tofauti ilionekana wazi Desemba 2021, kilipotangazwa kitobo ndani ya Log4j, kile kipande cha kuandika kumbukumbu, kilichopewa hatari ya 10 juu ya 10. Kwa Maven, mtengenezaji anabadilisha namba ya toleo na kujenga upya. Lakini kontena iliyokwisha kufungwa haibadiliki. Ile ya Novemba 2021 ingali na Log4j ya zamani hata leo, mpaka mtu aitupe na kuweka mpya.

Kwa kijana wa Kasongo anayejifunza, mega ndizo zinaamua. Kontena inafungwa kwa matabaka. Ukiweka pom.xml kwanza, uvute vitegemezi, kisha ndipo ulete msimbo wako, badiliko dogo halikurudishi sokoni. Ukigeuza mpango huo, kila herufi unayobadilisha inaweza kula franga. Mwenye koneksio nzuri Kindu anaweza pia kuvuta kontena mara moja, kuigeuza faili kwa docker save, kuituma kwa flash ku pikipiki, na huku inafunguliwa kwa docker load bila intaneti. Folda .m2 nayo inabebeka hivyo, na Maven anaanzishwa na alama -o ili asitafute mtandao.

Kitu kimoja tu hakiendi na flash hiyo: data. Ripoti zinapaswa kukaa ndani ya hifadhi iliyo nje ya kontena. Zikikaa ndani, siku kontena inafutwa ili kuweka mpya, zinafutwa pamoja nayo.